Zainabu: Maana na asili ya jina, na kwa nini "pambo la baba" si jibu pekee

Mleta mada:

Wadau wa lugha na majina, salaam kwenu.

Jamaa yangu amepata mtoto wa kike na ameamua kumwita Zainabu. Kabla ya kuliandikisha jina hilo aliniomba nimtafutie maana yake, nami nikadhani ni kazi ya dakika tano. Kila nilipogusa nilijibiwa neno lile lile: Zainabu ni "pambo la baba". Jibu ni tamu, tena hakuna baba asiyelifurahia, lakini nilipozifungua kamusi za kale za Kiarabu nilikuta habari nyingine, na ndiyo sababu ya kuuleta uzi huu. Niiseme hoja yangu mapema: "pambo la baba" ni moja tu kati ya maelezo manne ya zamani, tena ndilo ambalo sarufi ya Kiarabu inalibeba kwa taabu, na jina lenyewe halikuenea kwa sababu ya maana yake, bali kwa sababu ya wanawake waliolibeba.

Tuanze na herufi. Kwa Kiarabu jina hili huandikwa kwa herufi nne: zai, ya, nuni na ba. Wanaosema "pambo la baba" hulikata vipande viwili, *zayn*, yaani pambo au uzuri, na *ab*, yaani baba. Neno zayn si geni kwetu, maana tunalo katika majina ya Zena, Zaina na Zuwena, na tunalo hata katika kitenzi *kuzaini*, ingawa sisi tumelipeleka upande wa hila: aliyezainiwa ni mtu aliyepambiwa maneno mpaka akaingia mtegoni. Taabu iko kwenye mshono. Neno ab huanza na hamza, ile sauti inayokatikia kooni, na katika maandishi hamza hiyo hukaa juu ya alifu. Ili zayn na ab viungane vizae Zaynab, ni lazima hamza imezwe na alifu yake ipotee bila kuacha alama. Jambo hilo linawezekana, kwa kuwa majina hutamkwa kila siku na kinachotamkwa kila siku huchakaa. Ila mtu akidai kwamba limetokea, mzigo wa kuthibitisha uko juu yake.

Kamusi kubwa ya Lisan al-Arab, ambayo Ibn Manzur aliikamilisha mwaka 1290, hailiweki jina hili chini ya mzizi (yaani herufi za msingi ambazo neno la Kiarabu hujengwa juu yake) wa z-y-n ambako neno zayn linakaa. Inaliweka chini ya z-n-b. Kwa maneno mengine, kwa wanakamusi wale herufi iitwayo *ya* si sehemu ya mzizi. Imechomekwa katikati kwa kufuata kipimo wanachokiita *fay'al*. Kipimo hicho mnakijua hata kama hamjawahi kukisikia jina lake, kwa sababu ndicho kilichozaa Faisal kutoka f-s-l na Haidari kutoka h-d-r. Kwa hesabu hiyo Zainabu ni ndugu wa Faisal na Haidari kwa umbo, na Zena ni jirani tu anayefanana naye sura.

Sasa mzizi z-n-b una nini ndani yake? Una unene. Kitenzi *zaniba* ni kunenepa, na *aznab* ni mtu mnene, na wapo wanakamusi waliosema kwamba jina la Zaynab limetoka hapo. Msicheke. Washairi wa Kiarabu wa zama za kabla ya Uislamu walimsifu mwanamke aliyejaa mwili, kwa kuwa katika nchi ya jangwa na njaa mwili uliojaa ulikuwa ushahidi wa neema na wa ukoo unaojiweza. Maelezo ya pili yanalihusisha jina na *zunaba*, mwiba wa nge, na hili hata mimi silipi uzito mkubwa. Maelezo ya tatu ni kwamba *zaynab* ni jina la mti wenye sura ya kupendeza na harufu nzuri, na wanawake wakaitwa kwa jina la mti huo. La nne ndilo hilo la pambo la baba. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415, aliyakusanya yote manne katika kamusi yake ya al-Qamus al-Muhit na kuyaunganisha kwa neno "au", na pambo la baba akaliweka mwisho kabisa. Ajabu ni kwamba lililokuwa mwisho katika kamusi ndilo limekuwa la kwanza, na mara nyingi la pekee, katika orodha za majina za siku hizi.

Mimi nikilazimishwa kuchagua nitauchagua mti. Waarabu wa kale walikuwa na desturi ya kuwaita watoto kwa majina ya mimea. Talha ni mgunga, Hanzala ni tango chungu la jangwani, na Rayhana ni mrehani. Zaynab kama mti wenye harufu nzuri linakaa vizuri katika safu hiyo, bila kuhitaji kumeza hamza ya mtu.

Lakini ushahidi unaonivutia kuliko yote hauko katika kamusi, uko katika hadithi za Mtume. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim imesimuliwa kwamba Zainabu binti Jahsh, aliyekuwa mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.), hapo awali aliitwa Barra. Barra ni mwanamke mwema, mtiifu, mwenye kutenda mazuri. Ikasemwa kwamba mwenye jina hilo anajitakasa nafsi yake, ndipo Mtume akambadilishia akamwita Zainabu. Jambo hilo hilo likatokea kwa Zainabu binti Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, ambaye naye alikuwa Barra. Basi tafakarini: jina liliondolewa kwa sababu maana yake ilikuwa na sifa nyingi mno, na lililowekwa mahali pake ni Zainabu. Kwa masikio ya watu wa wakati ule, nadhani, Zainabu lilikuwa jina la kawaida lisilomsifu mtu wala kumshusha. Leo sisi tunalipenda kwa kulitafutia sifa, ilhali lilichaguliwa pale kwa kuwa halikujisifu.

Hapo ndipo tunapofika kwa watu wenyewe. Katika nyumba ya Mtume peke yake walikuwapo kina Zainabu kadhaa. Binti yake mkubwa, Zainabu, aliolewa na Abu al-As bin al-Rabi', mtoto wa khalati yake, yaani mtoto wa dada wa mama yake, Khadija. Mume alitekwa katika vita vya Badri mwaka 624 akipigana upande wa Makureshi, na Zainabu, aliyekuwa bado Makka, akapeleka mkufu ili akombolewe. Mkufu ule alipewa na mama yake siku ya harusi. Mtume alipouona aliutambua na moyo ukamlainika, akawaomba masahaba, ikiwa wataridhia, wamwachie mateka na kumrudishia mwenyewe mkufu wake. Zainabu huyu alifariki mwaka 629. Binti yake, Umama, ndiye mtoto ambaye Mtume alimbeba akiwa katika swala, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama.

Kisha yupo Zainabu binti Khuzayma, aliyeitwa Mama wa Masikini kwa wingi wa sadaka zake, na ambaye alifariki miezi michache tu baada ya kuolewa na Mtume. Na Zainabu binti Jahsh niliyemtaja juu, fundi wa kazi za mikono, alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, kisha alichopata akakitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mapema zaidi ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakawa wanapimana mikono. Zainabu alipotangulia kufariki, mwaka wa 20 Hijria, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ulikuwa wa kutoa.

Wa nne ndiye mwenye kishindo zaidi katika historia: Zainabu binti Ali, mjukuu wa Mtume. Alikuwapo Karbala, Iraq, tarehe 10 Oktoba 680, siku alipouawa kaka yake Hussein, kisha akachukuliwa mateka hadi mji wa Kufa na baadaye Damascus mbele ya khalifa Yazid, na huko alisimama akasema maneno ambayo yamehifadhiwa hadi leo. Kusini mwa Damascus kuna ziara kubwa yenye jina lake, na Cairo kuna msikiti wa Sayyida Zainabu ambao umeupa jina mtaa mzima. Wasiria na Wamisri kila upande husema kaburi liko kwao. Nchini Iran, siku ya kuzaliwa kwake kwa kalenda ya Hijria ndiyo siku ya wauguzi, kwa kukumbuka alivyowatunza majeruhi na mayatima baada ya Karbala.

Baada ya hapo jina halikupoa. Katika karne ya 11, Zainabu al-Nafzawiyya, mke wa Yusuf bin Tashfin wa dola ya Almoravid huko Maghribi, alijulikana kwa akili na kwa ushauri wake katika utawala. Katika karne ya 14 Damascus ilikuwa na Zainabu binti al-Kamal, mwanachuoni wa hadithi aliyefariki mwaka 1339 akiwa amepita miaka 90, na ambaye wanafunzi walisafiri kutoka mbali ili wasome kwake. Mmoja wa waliopata ijaza yake, yaani idhini ya kusimulia hadithi, ni msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa utafiti, lakini naona umeionea "pambo la baba". Katika mapokezi ya Kishia jina la Zainabu binti Ali huelezwa hivyo hasa, kwamba alikuwa pambo la baba yake Ali, na watu wamelishika hivyo kizazi kwa kizazi. Kwani maana ya jina ni ya nani, ya mwanakamusi au ya mzazi anayelitamka akimwombea mwanawe? Kama mzazi akilitamka anakusudia pambo, basi kwake ni pambo.

Mleta mada:

Hoja yako nzuri, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Mzazi anayekusudia pambo hajakosea katika nia yake, wala sikumwambia jamaa yangu abadilishe chochote. Ninachokataa ni kauli kwamba hiyo ndiyo *asili* ya neno. Asili ni swali la historia, na nia ni swali la moyo. Mtu anaweza kulijibu la pili bila kuligusa la kwanza.

Tena angalia jambo moja. Bibi Fatima na Ali walikuwa na mabinti wawili mashuhuri, Zainabu na Ummu Kulthum, na hayo yote mawili yalikuwa majina ya dada zake Fatima. Jina lilikuwa tayari ndani ya familia kabla ya Zainabu wa Karbala kuzaliwa, na lilikuwa kwa Waarabu kabla ya hapo. Kwa hiyo fahari ya binti kwa baba yake ililikuta jina limekwisha simama, ikalipamba.

Na ikiwa tunataka zayn halisi katika nyumba ile, ipo, tena karibu sana. Mpwa wake Zainabu, Ali bin Hussein, amejulikana kwa lakabu ya Zainul-Abidina, pambo la wafanya ibada. Hapo zayn iko wazi haina ubishi. Kijana huyo alikuwa mgonjwa siku ya Karbala, na gavana wa Kufa alipotaka kumuua, shangazi yake Zainabu alimkumbatia na kukataa kumwachia, akisema wauawe pamoja. Akaachwa hai.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nimesoma mahali kwamba Zainabu ni jina la Malkia Zenobia wa Palmyra, mji wa kale wa Syria, kwa matamshi ya Kiarabu. Kama ni kweli, basi jina lina umri mkubwa kuliko hayo yote uliyoyataja, na halihusiani na baba, mti wala nge. Unasemaje?

Mleta mada:

Nimeliona dai hilo pia, na linavutia kwa sababu Zenobia alikuwa mtawala wa mji wenye Waarabu wengi kabla ya mfalme Aurelian wa Roma kumshinda mwaka 272. Lakini tukirudi kwenye herufi, mambo yanakuwa magumu. Zenobia ni jina lake kwa Kigiriki. Maandishi ya Palmyra yenyewe, yaliyochongwa kwa Kiarami, yanamwita Bat-Zabbai, yaani binti Zabbai, na humo hamna nuni hata moja ya kumfikisha kwenye z-n-b. Waarabu nao wanapomsimulia malkia wa aina hiyo katika masimulizi yao humwita al-Zabba', wala hawamwiti Zaynab. Kufanana kwa Zenobia na Zaynab kupo masikioni zaidi kuliko kwenye mawe.

Mchangiaji wa tatu:

Naomba tuguse kuenea kwake, maana hapo ndipo jina lilipo hai. Nimeishi na watu wa mataifa mbalimbali na nimekutana na Zeynep, Zineb, Seynabou na Djeneba, na nilichelewa sana kujua kwamba wote ni wajina.

Mleta mada:

Umenipa nafasi niliyoitaka, kwa sababu hapa jina linasema zaidi juu ya lugha za watu kuliko juu ya Waarabu. Kila lugha imelimeza kwa koo lake.

Waturuki hawapendi kumaliza neno kwa b, huigeuza p. Ndiyo maana husema *kitap* pale tunaposema kitabu, na Recep tunaposema Rajabu, na kwa kanuni hiyo hiyo Zaynab amekuwa Zeynep. Wasomali hawana sauti ya z, kwa hiyo kwao ni Seynab. Wawolofu wa Senegal nao hawana z, wakapata Seynabou. Mali na Guinea z imegeuka dj, wakapata Djeneba na Djenabou. Indonesia utamkuta Zaenab na hata Jaenab. Wabosnia wamemfanya Zejneba. Morocco na Algeria wameikunja irabu ya kwanza ikawa Zineb, na Wamisri wakimdekeza humwita Zannuba, ambalo kwa bahati mbaya limekuwa pia jina la ndara za mpira. Wenye jina hilo wamezoea utani.

Kwa upande wa takwimu, Uturuki ndiyo mfano mzuri, kwa kuwa huko ofisi ya taifa ya takwimu hutangaza majina ya watoto wanaozaliwa, na Zeynep limeshika nafasi ya kwanza kwa wasichana kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2010. Hilo si jina la mabibi linalosubiri kufufuliwa, ni jina la watoto walio shule za msingi sasa. Iran na Iraq nako ni jina la kawaida sana.

Sababu mojawapo ya kuenea huku haisemwi sana. Yako majina ambayo historia imeyaelemeza upande mmoja: Aisha, kwa mfano, limejaa kwa Wasunni na ni adimu kwa Washia. Zainabu halina mpaka huo. Msunni analo kutoka kwa binti ya Mtume na wakeze wawili, Mshia analo kutoka Karbala, na wote wanalitamka bila mtu kuuliza swali.

Mchangiaji wa nne:

Swali la mwisho kutoka kwangu, na ni la kiutendaji. Jamaa yako anapokwenda kuandikisha mtoto aandike Zainabu, Zainab, Zeinab au Zeinabu? Nimeona ndugu wa tumbo moja waliopata usumbufu wa nyaraka kwa sababu ya herufi moja.

Mleta mada:

Kiarabu chenyewe hakitakusaidia sana, kwa kuwa irabu ya kwanza ni mfuatano wa a na y, na huandikwa *ai*, *ay* au *ei* kulingana na matamshi ya mahali. Jambo la kufurahisha kwa wapenda sarufi ni kwamba Zaynab halina alama yoyote ya uke mwishoni, tofauti na Fatima au Khadija, na kwa sababu hiyo walimu wa nahau wamelifanya mfano wao wa kudumu wa jina la kike kwa maana bila kuwa la kike kwa umbo.

Kiswahili kimelifanyia jina hili kile kinachoyafanyia maneno mengi ya Kiarabu yanayoishia kwa b: kimeliongezea u. Kitab likawa kitabu, adab ikawa adabu, sabab ikawa sababu, Ayyub akawa Ayubu, na Zaynab akawa Zainabu. Kwa hiyo Zainabu si kosa la karani wala ushamba wa kijijini kama nilivyowahi kusikia ikidaiwa. Ni jina lililopita katika mlango ule ule uliopitwa na maneno mengi tunayoyatumia kila siku. Zainab bila u ni sahihi kwa anayetaka kubaki karibu na Kiarabu. Ushauri wangu ni mmoja: achague umbo moja, aliandike hivyo hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na kila fomu itakayofuata, na asimruhusu mtu "kumsahihishia".

Jamaa yangu amechagua Zainabu, yenye u. Nilipomweleza habari ya mti, mkufu, na mwiba wa nge, alinyamaza kidogo, kisha akasema mkufu umemtosha.